Sita

Chumba cha uani, Newala, mwezi wa saba.
Upepo wa kilimani unapita dirishani,
dirisha ambalo nesi Chikoti ameagiza
lisifungwe hata nikitetemeka.
Kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu.
Sahani yangu haichangamani na nyingine.
Kikohozi kimeandikwa kwenye kadi,
na dozi ni miezi sita.

Mara ya mwisho kufungiwa nyumba hii nilikuwa mwali.
Wakati ule waliingia kwa zamu,
shangazi, somo, jirani, kila mmoja na siri yake,
na siku ya kutoka ngoma zilipasua ua.
Safari hii wananisalimu kutoka mlangoni,
khanga puani,
wanauliza hali huku miguu ishageuka.

Kaka yangu Hashimu akaandika kutoka Tunduru:
Pakua ludo. Saa tatu usiku. Usinikatalie.
Nikapakua, bando la mia tano likaisha palepale.

Tukawa wanne.
Hashimu kijani, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara.
Asumini njano, Mikindani, anacheza kwa mkono mmoja;
dado lake likichelewa tunajua
mtoto kahamia titi la pili.
Mimi nyekundu.
Na bluu, asiye na jina, namba tupu,
anayecheza kama mtu anayeokota sindano gizani.

Kanuni ni moja: bila sita hutoki nyumbani.
Usiku wa kwanza nilirusha mara kumi na tisa.
Tatu. Moja. Tano. Tatu.
Wenzangu wanazunguka, wanakulana, wanasutana,
kete zangu nne zimejipanga bomani
kama vidonge vyangu vya asubuhi.
Asumini akaandika: Somoe, hata huku wamekufungia?
Nikacheka mpaka kikohozi kikanikamata,
na ng'ambo ya ukuta
mtu akacheka pamoja nami.

Ndipo nikamjua bluu.
Kila kete yake ilipotaka kutembea
sauti ilitangulia: "Hii? Nibonyeze hii?"
Na Bakiri, mtoto wa jirani: "Hiyo, bibi. Polepole."
Mama.
Mama aliyeuza korosho zake za akiba
anunue simu ya kupapasa,
yeye ambaye akiongea na Tunduru hupaza sauti
kana kwamba hakuna mtandao.
Sikumwambia kwamba najua.

Usiku wa kumi na moja kete yangu ilikuwa mbele yake hatua nne.
Dado likampa nne.
Akasita.
Akasogeza kete nyingine, ya nyuma huko, isiyo na kazi.
Hashimu akafoka: Bluu! Mbona huli?
Nikaweka sikio ukutani.
"Simli mgonjwa," alimwambia Bakiri.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Ananiruka
kama anavyoruka kibatari sakafuni.
Nikaanza kumtegea makusudi,
naiacha kete yangu puani pake:
nile basi, mama.
Hali.
Salfa ya mikorosho ikatanda, mtaa mzima ukakohoa,
siku hizo nikajiona mwenyeji.

Mwezi wa tisa, umeme umekatika,
simu yangu imebaki asilimia tisa.
Jioni ile nilikuwa nimekula ugali kwa kisamvu,
nikarudisha bakuli dirishani
nikaomba tena, na tena.
Kete yangu ya mwisho ilikuwa inanusa mlango wa nyumbani.
Bluu nyuma yake, hatua sita.

Sita.

Hakusita.
Akanila, kete ikarudi bomani mbio,
kigelegele kikapiga ukuta:
"Nimemla! Bakiri, nimemla!"

Majibu ya makohozi yalikuwa bado maabara,
yaliahidiwa Alhamisi.
Sikuyangoja. Nilikaa gizani nikigonga ukuta kwa kiganja,
na ukuta ukanigonga.
Zamu yangu. Nikarusha.
Tatu.