Reli ya Kibokoni

Tulikuwa twachimba shimo la choo
nyuma ya nyumba ya shangazi Mwanashehe,
sululu ikalia, chuma kwa chuma,
fundi Mbwarali akaruka: "Bomu hili!"

Si bomu. Ni reli,
nyembamba kama mkono wa mtoto,
imelala chini ya udongo na maganda ya chaza.

Shangazi akaja na kikombe cha kahawa,
akaitazama kama mtu aliyekutana na deni la zamani.
"Hapa alipita babu yangu Nyawa.
Akisukuma."

Juu ya toroli, bwana wa forodha
na mwavuli wa mkewe.
Nyuma, miguu minne pekupeku.
Mwinuko, walisukuma.
Mteremko, walirukia ubao wa nyuma wakaning'inia,
na hiyo ndiyo likizo waliyoijua.

Reli ilipofika, viwanja vikapanda bei.
Ilipong'olewa, barabara ikabaki na kona zake.
Leo lori la saruji likikwama kichochoroni
dereva huitukana kona, hajui ni nani aliyeikata.
Ni mgongo wa Nyawa uliokikimbia kilima.

Ng'ambo ya Nyali kulikuwa na habari nyingine.
Daraja la kwanza lilielea,
likajaa na kupwa pamoja na maji.
Ukilipa, wapita. Usipolipa, watazama.
Mjomba Shauri alipoposa Kongowea
alipeleka washenga watatu, mara nne, kwenda na kurudi,
na hadi kufa kwake akishikilia
kuwa ushuru wa daraja ulizidi mahari.

Na Likoni?
Likoni ilikua kwa kungoja.
Palipongojwa pakaota muuza korosho,
korosho zikaota meza, meza ikaota banda,
banda likaota ukuta, ukuta ukaota wapangaji,
na wapangaji wakaamka alfajiri
kwenda kungoja.

Nami nilizaliwa humo.
Feri ilisimama katikati ya mkondo
kuipisha meli ya makontena,
mama akapiga ukelele: "Na huyu nani atampisha?"
Wanawake wakafunga ukuta wa leso.
Karani alipouliza mahali pa kuzaliwa
mama alijibu, "Kati."
Karani akaandika Likoni,
kwa sababu fomu haikuwa na maji.

Basi, shimo.
Mbwarali alitaka kuing'oa reli,
aipime kwa kilo, tugawane.
Tukavuta kwa kamba, tukavuta kwa jeki ya gari.
Haikutikisika. Imeingia chini ya nyumba ya jirani,
pengine na ya jirani yake, pengine hadi Kilindini.
Shangazi akamaliza kahawa, akamwaga machicha shimoni.
"Sogeeni hatua mbili," akasema.

Tukasogea.
Ndiyo maana choo kile kimekaa upande,
mlango wautazama ukuta,
na kila mgeni anayekiendea
hupinda kidogo kulia
bila kumjua aliyempindisha.