Sentimita Sitini

Halmashauri ya Kivisalmi imenituma na futikamba,
kalamu mbili, na fomu ya kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa mwisho una swali moja:
libaki, au libomolewe?

Ni Machi. Ziwa bado ni sakafu.
Shule imejilaza ukingoni, ndefu, ghorofa moja,
mstari uliopigwa kwa rula
na mtu asiyekuwa na haraka.
Haina mnara, haina kengele,
haina ngazi za kumtisha mtoto mlangoni.
Zege, mbao za msonobari, kioo,
na paa bapa, bapa kama sinia,
katika nchi ambayo theluji hushuka miezi mitano.

“Hapo ndipo alipochemsha,” asema Urpo, mtunza jengo.
“Mwaka wa kwanza tu, likavuja.”
Ananionyesha ndoo saba, kila ndoo na jina lake:
hii Darasa la Pili, hii Muziki,
hii Mwalimu Mkuu, kwa kuwa tone lile
humwangukia mezani kila barafu ikiyeyuka,
na halijawahi kumkosa.

Napima. Naandika.
Kizingiti cha dirisha: sentimita sitini.
Nadhani nimekosea. Narudia. Sitini.
Ndoano za makoti: tisini.
Kila mlango una vishikio viwili, kimoja juu ya kingine;
cha juu kama kimetoka dukani jana,
cha chini kimelika, shaba yake imekuwa nyembamba
kama pete ya bibi aliyeolewa zamani.

Nimesimama wima, mtu mzima,
na dirisha refu la darasa linanipa
ukingo wa paa, bomba la maji, theluji chafu.
Basi. Nawaza: kioo chote hiki kwa ajili ya bomba?

Urpo anacheka puani.
“Baba yangu alikuwa akikoroga zege hapa.
Msanifu alikuwa mwanamke, Sylvi Rautelin,
sketi ya sufu, penseli mdomoni.
Kila asubuhi alipiga magoti mlangoni
akatembea kwa magoti ukumbi mzima, kwenye vumbi na misumari.
Mafundi wakadhani anasali.
Akifika dirishani: ‘Ziwa silioni. Shusheni.’
Wakashusha. Kesho yake: ‘Shusheni.’
Mara ya tatu msimamizi alitupa kofia yake majini.”

Wanafunzi walikuwa mia mbili na zaidi.
Sasa ni kumi na mmoja,
na basi la kuwapeleka mjini
limeshapigiwa hesabu ya mafuta.

Urpo anaondoka kumwaga Mwalimu Mkuu.
Nabaki peke yangu. Goti langu la kushoto
halijapenda kukunjwa tangu nilipoanguka kiunzini,
lakini nalikunja.

Na ukuta unafunguka.
Ukingo wa paa unapanda kama kope.
Ziwa linaingia lote, na kisiwa chake,
mibetula mitatu, mzee akivuta kiteleo cha kuni,
na mwanga unaoteleza juu ya barafu
unakuja kukaa mezani, palepale
ambapo mtoto angeweka daftari.

“Umepoteza nini?”
Ni msichana, jino moja hana, amerudi kuchukua glavu.
Jina lake, asema, ni Venla, na mimi niko mahali pake.
Hakupiga magoti. Hakuhitaji.
“Bado natafuta,” namjibu.
“Kama ni mbweha, hupita saa nane. Usikohoe.”
Akavuta kishikio cha chini, akaenda.

Penye “kasoro” nimeandika: paa linavuja, tangu mwanzo.
Penye “kimo cha kizingiti”: sitini,
kisha, pembeni, pasipo na mstari: *imekusudiwa*.

Ukurasa wa kumi na nne.
Kalamu ya kwanza imeganda.
Ya pili nimeitia kwapani, naipasha joto.
Saa nane kasoro dakika tatu.
Sikohoi.