Dede

Karaganda, Machi; theluji imekuwa tope mlangoni.
Daktari alimwambia Zeynesh: inua mguu mmoja,
nahesabu.
Moja. Mbi—
mkono ukadaka kiti.
Fumba macho basi, miguu yote chini.
Akafumba. Sakafu ikaondoka.

Nyumbani hakusimulia.

Jumamosi ni siku ya kitukuu, Ersain,
miezi kumi na moja: dede, dede,
magoti yakicheza kama meza mbovu,
anaketi pu! anacheka, anainuka tena,
kuanguka hakujawa habari.
Wamemfunga vifundo kwa uzi mweusi na mweupe.
Mila yataka mkasi ushikwe na mtu
wa hatua imara,
ili mtoto airithi.

Wote wakamgeukia Zeynesh,
aliyepandisha makaa ya mawe, ndoo mbili, orofa tano,
miaka thelathini, bila kudondosha chenga.

Akapiga magoti (hilo bado analiweza).
Akakata.
Mtoto akashika bega lake apate kusimama;
naye, ili ainuke,
akashika mkono wa mtoto.

Kwa kitambo wakawa dede wote wawili,
hakuna aliyepiga makofi.
Kisha mmoja akaachia.