Msoma Mita

Kazi yangu ni kuinama.
Nafunua kifuniko, nafuta vumbi kwa kidole gumba,
nasoma tarakimu, napiga picha, naondoka.
Simu ni ya kampuni. Ufa umekipita kioo chake
pembe hadi pembe, kama Mto Sabaki kwenye ramani.
Nilikatazwa kupiga kingine chochote.

Lakini nitapitaje Muyeye
nisiupige (simaanishi kwa fimbo) mpapai dume wa Mama Mbodze,
aliouvisha gagulo lenye lasi
ili uone haya, uzae?
Mwaka wa pili huu. Haujazaa.
Ila gagulo, anasema, linaupendeza.

Nitapitaje Kisumu Ndogo, ambako majirani wawili
wamechora mishale ukutani:
TAKA TUPA KULE, wasema wa kushoto,
TAKA TUPA KULE, wajibu wa kulia,
na katikati taka zimekaa kitako
kama mgeni aliyealikwa na wawili, asipokewe na hata mmoja.

Kwa Tsofa, tuktuk hulala ndani ya chandarua.
"Mbu hawali bati," nikamwambia.
"Bati hawali. Lakini kuku wangu wanalala kiti cha nyuma,
na abiria wa kwanza asubuhi hukuta yai."
Sikuuliza kama hulilipia.

Barani kuna mlango usio na nyumba.
Nyumba ilikwenda na mvua za mwaka juzi, udongo ukarudi udongoni,
ukabaki mlango na fremu yake, rangi ya samawati,
na kufuli.
Kila magharibi Kadzo Jefwa huja akafunga.
Alfajiri hufungua.
Nilipitia ubavuni, pasipo na ukuta, kuifuata mita,
akaniita: "Hodi huijui?"
Nikarudi mbele. Nikabisha. Akanikaribisha.
Picha ile ilitikisika kidogo.

Na mbuzi wa Bwana Lewa kule Ngala, aitwaye Domani,
kwa kuwa tangu enzi za tajiri wa Kitaliano
kila sikukuu husemwa atachinjwa kesho.
Ana ndevu nyeupe sasa. Amezika wachinjaji wawili.
Nilimkuta juu ya mfuniko wa kisima,
akageuza shingo, akatulia,
kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Jumanne kidole kiliteleza.
Picha zote, za mita na zisizo za mita, zikaenda ofisini.
Jumatano nikaitwa. Nilivaa shati la Idi,
nifukuzwe nikiwa nadhifu.

Bi. Nyevu wa ankara hakumtaja mbuzi, wala gagulo.
"Huyu nani?" akauliza, akikuza picha ya mita.
Ndani ya kioo cha duara, juu ya tarakimu,
mtu mdogo mwenye kofia, ameinama,
simu mbele ya uso, mbingu yote mgongoni.
Akafungua nyingine. Yumo.
Nyingine. Yumo. Maweni yumo, Barani yumo,
juani, manyunyuni, miaka sita,
hakuikosa nyumba.
"Kila kwa watu yuko," akasema, "na wala hapewi chai?"
Nikacheka.
Kicheko kikanishinda kukimaliza.

Hakunifukuza. Alitaka jambo moja tu:
ile mita ya Maweni ya mwezi wa tatu,
ambayo mahali pa tarakimu niliandika
KUKU AMELALIA.

Nimerudi leo. Mama kahama,
kaacha unyoya mmoja na maganda.
Nimesoma: sifuri, sifuri, nne, moja, saba.
Vifaranga, tisa, wako chini ya mkokoteni.
Nimewapiga wote,
na yule mwenye kofia.