Kuni za Mkunazi

Mkunazi ulioangushwa na mafuriko bondeni
tuliupandisha Sayq vipande vipande,
tukauacha miaka miwili.
Leo maji ya ndoo yameganda.
Hilali atema mate viganjani, ainua shoka.

Pigo la kwanza lamrudia hadi begani.
La pili, kibanzi kimoja.
"Fuata ufa," namwambia, "usishindane na fundo."
Akashindilia kabari. Gogo likaguna, likaachia.

Napanga ukutani, magome juu:
nyembamba za mkate, nene za usiku.
Kipande kimoja nimekificha nyuma ya pipa.
Majani ya mti huu ndiyo yaliyomwosha Mama,
yeye aliyetoka Wete
akaiita baridi ya mlima huu
mgeni asiyejua kuaga.

Alfajiri makaa yamekufa. Watoto wanakohoa.
Nakitia.
Kinashika polepole. Namsikia:
"Ulikuwa unangoja nini?"