Gome la Kezia

Kila asubuhi nafungua pazia la chumba namba tisa,
na Todmorden iko palepale ilipolala:
mvua ya rasharasha, dohani la kiwanda kisichofuma tena,
kondoo wamebandikwa mlimani kama pamba iliyosahauliwa.
"Mimi ni Kezia," ananiambia, kana kwamba nimembishia.
Miaka tisini na mmoja. Majina ya wanawe yamemponyoka,
la mumewe huja siku za Jumapili, likipenda.
La kwake halijabanduka.

Bibi yangu naye alikuwa Kezia, kule Usangi.
Alibatizwa na mchungaji mwenye haraka,
akapewa jina kama mtu apewavyo koti la kuazima:
vaa, litakutosha.
Maana hakuelezwa, na hakuuliza.

Nimeitafuta mwenyewe, usiku wa zamu, korido ikikoroma.
Ni Kiebrania: Ketsia,
gome linukialo, ndugu wa mdalasini,
na ndani yake kumejificha kitenzi cha kukwangua, cha kubandua,
kwani harufu ile haipatikani
mpaka mti uvuliwe ngozi.

Hapo nilinyamaza kidogo.

Wa kwanza tunayemjua alikuwa binti wa yule mzee
aliyefilisika hadi akaketi jivuni akijikuna kwa kigae.
Aliporudishiwa ngamia na ng'ombe, akapata na mabinti watatu,
akawapa urithi pamoja na kaka zao.
Hilo limeandikwa. Watu hulisoma mbiombio
wawahi kusema amina.

Karne nyingi baadaye jina likapanda mabonde haya.
Wafumaji wa sufu, watu wa kanisa lisilo na mapambo,
wakawaita nalo mabinti zao;
nimeyaona makaburi kule juu, yamevaa kuvumwani:
Kezia, mke wa fulani. Kezia, siku kumi na moja.
Kezia, tena Kezia,
na jiwe halisemi kama kuna aliyeachiwa hata shamba.

"Baba alikuachia nini?" nilimuuliza juzi, nikimchana nywele.
Akacheka kwa meno yaliyokuwa bado ndani ya glasi.
"Kaka zangu walichukua shamba na mbwa.
Mimi nilichukua jina."
Bibi angemwelewa bila mkalimani:
kahawa ilikwenda kwa Mbonea, migomba kwa Eliakimu,
yeye akakaribishwa chai
katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake.

Leo nimekuja na kijiti mfukoni.
Nimekivunja chini ya pua yake.
Akafumba macho. Nje lori la taka likapiga honi.
"Krismasi," akasema. Halafu, "Hapana. Aproni ya mama."
Halafu akakitia mdomoni, akakitafuna kama mswaki,
akakunja uso.
"Kikali."
"Ndiyo hilo jina lako," nikamwambia.
Akanitazama kwa muda, kisha akatafuna tena,
taratibu, kama mtu anayehesabu fedha zake.

Jioni, kabla ya kukabidhi zamu, kuna fomu ya mali za mkazi:
kitana kimoja, redio mbovu, ndara, miwani jozi mbili.
Nimeongeza mstari kwa kalamu ya bluu, nikatia saini:
mdalasini, kijiti kimoja, kimetafunwa.
Ni chake. Kisitupwe.