Kifuniko

Jumamosi alfajiri naendesha, yeye anaelekeza kwa kumbukumbu:
vuka daraja, kata kushoto penye kanisa la matofali,
kuna nyumba inauzwa na vyote vilivyomo.
Orpha Lindamood, miaka themanini na moja,
aliyeendesha basi la shule humu Wheeling mpaka macho yakamgomea;
mimi mpangaji wake wa ghorofani,
kisha dereva, na sasa, kidogo kidogo, macho.

Gerejini wamepanga vitu vya marehemu:
mikasi, mapambo ya Krismasi, viatu vilivyolika upande mmoja,
na nyuma kabisa, vioo.
Orpha havitazami. Anavipapasa.
Kidole cha shahada kinashuka ubavuni mwa bilauri
kikitafuta mshono, pale kalibu ilipofumba mdomo
na chuma kikashindilia kioo kingali uji.
"Mishono mitatu," anasema. "Hii ya zamani."
Anaigonga kwa ukucha, anatega sikio,
bilauri inalia, mlio mrefu wa madini ya risasi,
nami nalipa dola nne kwa kitu
kilichotengenezwa kiige kioo cha kuchongwa
mezani kwa mtu asiyeweza kukinunua.
"Viliiga, vikadumu," huniambia.
"Vya matajiri vilivunjwa na watumishi."

Alhamisi usiku tunawasha taa.
Anazo saba, zenye matumbo ya mafuta na miguu ya kioo,
moja ya buluu haiwashwi kamwe, ina ufa.
Kwetu Korogwe kusafisha chemni ilikuwa kazi yangu
kwa sababu moja tu: mkono wangu ulipita.
Gazeti, majivu kidogo, pumzi, haa, gazeti tena,
na mama akiikagua kwenye mwanga wa mlango.
Umeme ulipofika tulizitupa zote shimoni
bila hata kuziaga.
Leo mkono haupiti; nafunga gazeti kwenye mwiko.
Orpha anapunguza utambi kwa mkasi, pembe mbili, kiduchu,
na hahitaji kuona kama moto umekaa sawa.
Anausikia kwa shavu.

Kitu kimoja amekitafuta miaka thelathini na sita:
kifuniko cha bakuli la sukari,
nakshi ya shanga na majani ya mzabibu.
Bakuli liko kabatini, wazi, halijawahi kuonja sukari.
Watu husema kila chungu na kifuniko chake;
hawasemi vitakutana lini.

Na leo, ndani ya boksi la vifuniko vya mitungi ya achari,
mkono wake ukasimama.
Akahesabu shanga kwa gumba kama avutaye uradi,
akarudia kuhesabu,
akaninong'oneza: lipa upesi, na usicheke.

Nyumbani kiliingia mahali pake
kwa sauti ndogo
ya mtu afungaye mlango mtoto asiamke.
Halafu akauliza: "Vinafanana?"

Kifuniko kilikuwa zambarau.
Si sana. Zambarau ya ukucha uliobanwa
ambao umeanza kusahau.
Ni yeye aliyenifundisha:
vioo vya miaka ile vilitiwa dawa ya kuving'arisha,
na dawa hiyo, ikikaa juani, hugeuka.
Kalibu moja, pengine hata siku moja,
kimoja kikaangukia dirishani mwa mtu,
kingine kabatini gizani.

"Sawasawa," nikasema.

Usiku, aliposinzia kitini, nikalitoa bakuli
nikaliweka dirishani upande wa mashariki.
Uongo wangu nikauanika.
Jua la hapa ni la kusuasua, milima hulikata mapema;
itachukua miaka mingi
kuliko ile tunayoweza kuikopa.

Asubuhi nilimkuta amesimama pale na kanzu yake ya kulalia,
kiganja kwenye ukingo wa bakuli,
akilisogeza kushoto kidogo,
pale jua linapofika kwanza.